Makaa Yaliyoanuliwa Kama Dagaa

Taarifa ya msiba wa Bi. Zena ilinifikia akiwa ameshazikwa siku tatu. Mwajabu, binti yake, alinipigia simu asubuhi nikimwagilia mchicha, akasema kwa sauti yake ileile isiyozunguka, "Ester, mama ametutoka. Ijumaa. Sikukupata hewani." Nilikaa kwenye ukingo wa tuta, ndoo mkononi, nikauliza swali la kijinga kabisa: alikuwa anaumwa? Kana kwamba mtu wa umri ule anahitaji sababu. Mwajabu akasema kisomo cha arobaini kitakuwa Ujiji, nyumbani kulekule, na nikiweza nije. "Chumba chako kipo," akasema. Hilo ndilo lililonichanganya, maana chumba kile nilikaa mwaka mmoja tu, tena zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na kwa namna nilivyoondoka sikustahili kuwekewa hata mkeka.

Nimekuja. Naandika haya nikiwa kwenye kitanda cha chumba hicho, na niseme mapema kwamba sikumbuki vizuri kama nilivyodhani. Nilikuwa na hakika dirisha linatazama uani, kumbe linatazama barabarani. Nilikuwa na hakika kuta zilipakwa chokaa ya kijani. Mwajabu anasema hazijawahi kuwa za kijani tangu babu yake ajenge nyumba. Ninachokumbuka sawasawa ni harufu ya mawese yakipata moto jikoni, na ukuta usiofika juu, ambao uliniletea kila kilichosemwa upande wa pili, hata nisichotakiwa kusikia. Mimi niliyekula mshahara wa kupima vitu maisha yangu yote, nikikosea dirisha na rangi ya ukuta, nitaaminiwa vipi kwa maneno ya watu? Nayaandika hivyohivyo, labda yakikaa kwenye karatasi yatatulia.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, nimetoka chuoni mwaka huohuo, na nililetwa Kigoma kupima maji. Si maji ya ziwa. Yalikuwa maji yaliyomo ndani ya makaa ya mawe. Kuni zilikuwa zimeanza kuwa shida, vilima vya nyuma ya mji vimebaki vipara, na wanaobanika samaki walizifuata mbali zaidi kila msimu. Kusini mwa ziwa kulikuwa na makaa ya mawe, lakini ya daraja la chini: ya kahawia, yanameguka mkononi, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji matupu. Ukiyawasha yanakupa moshi na machozi, basi. Mhandisi Sanga, mkuu wa majaribio yetu, alikuwa na dawa yake aliyojifunza ng'ambo, nayo ni kuyakausha makaa hayo kwa mvuke wa presha kubwa. Aliniambia hivyo siku ya kwanza nami nikaitikia "ndiyo, mzee" kama mtu aliyeelewa. Nilirudi Ujiji nikijiuliza, mvuke si maji?

Kituo chetu kilikuwa ghala la zamani la bati ufukweni, karibu na Katonga, kulikokuwa na mwalo wa mitumbwi na soko la samaki. Ndani kulikuwa na boila, na pembeni yake pipa kubwa la chuma nene lenye kifuniko cha bolti. Makaa yanapangwa ndani ya pipa, kifuniko kinakazwa, koki ya mvuke inafunguliwa, na sindano ya geji inapanda mpaka mtu unatamani kusogea mlangoni. Yakishaiva, maana ndivyo tulivyosema, "yameiva", maji meusi yanatolewa kwa koki ya chini, halafu presha inaachiliwa kwa mlio uliofika hadi sokoni. Bi. Zena alisema "Audhubillahi" kila ilipoachiliwa, mwaka mzima, hakuzoea hata siku moja. Makaa yalitoka madogo kuliko yalivyoingia, meusi, magumu, yakifuka, na yalitandazwa uwanjani yapoe. Mimi nilichukua kipande, nikakipima, nikakiweka kwenye oveni, nikakipima tena, nikajua ni maji kiasi gani yamebaki. Kwa ajili hiyo wanawake wa pale waliniita Dada Mizani.

Wanawake hao walikuwa wanane na kiongozi wao alikuwa Bi. Zena. Walikuwa waanikaji wa dagaa wa Katonga, na Mhandisi aliwachukua kwa hoja kwamba anayejua kukausha anajua kukausha. Walichambua mawe, walijaza pipa, walilipakua, walitandaza. Mwajabu, tuliyelingana umri, alikuwa mmoja wao. Na kwa kuwa nilikuwa nimepanga kwao, mambo yangu yalikuwa na pande mbili: mchana nilisimama na daftari nikimwelekeza Bi. Zena, jioni nilimwamkia shikamoo na kungoja anipakulie. Asubuhi pikapu ya kazini ilitubeba wote, naye alikaa nyuma na wenzake akisalimiana "mwakeye, mwakeye" na kila aliyekuwa njiani, mimi nikiwa mbele na dereva. Sikuona ajabu. Nilikuwa na cheti.

"Mwanangu, wewe umesoma," aliniambia jioni moja akikaanga migebuka, "hebu niambie bila kunizungusha. Mimi nimeanika dagaa tangu sijavunja ungo. Dagaa akilowa, kazi imeharibika. Nyie mnakifungia kitu na mvuke ili kikauke. Kinakaukaje?"

Nilianza kueleza habari za vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya kaa la mawe, na maji yanayoshikiliwa humo, na presha. Nilieleza kwa muda mrefu. Mwajabu, aliyekuwa akipepeta mchele, aliinua uso akacheka. "Mama, hata yeye hajui!"

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Lakini Bi. Zena hakucheka. Aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili, akasema polepole, "Kumbe ni kama nyama. Ukiibandika jikoni kavukavu, ukaifunika, si inatoa maji yake yenyewe? Hukuitia hata tone. Inasinyaa, maji unayakuta chini. Mvuke wenu kazi yake ni kupeleka moto ndani tu. Ukishabana vizuri, maji yatakaa wapi? Yatatoka."

Niliweka kikombe chini. Alichosema ndicho kilichokuwa kimeandikwa katika faili la Mhandisi kwa kurasa tatu, nami nilikuwa nimezisoma mara nne bila kuzielewa. Nilimwambia, "Ndiyo hivyo hasa, mama," kwa sauti ya mwalimu anayempa mwanafunzi alama. Nikikumbuka sauti ile naona haya mpaka leo.

Katika faili hilohilo, mwezi wangu wa pili, nilikuta ukurasa mwingine. Ulisema kwamba makaa yaliyokaushwa kwa njia hii yakirundikwa kabla hayajapoa, joto linazidi kujijenga ndani ya rundo, na yanaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuyatia kiberiti. Yatandazwe yawe membamba mpaka yapoe kabisa. Niliupeleka ofisini kwa Mhandisi nikamuuliza kama niwaeleze akina mama. Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliwahi kuniletea dawa ya malaria mwenyewe, kwa miguu, mvua ikinyesha. "Ester," akasema, "asiyejua maana haambiwi maana. Ukiwaambia kuna kitu kinawaka chenyewe, kesho huoni mtu hapa. Watasema kuna jini. Waambie watandaze, inatosha." Nilikuwa nimemsikia Bi. Zena jikoni na migebuka yake, kwa hiyo nilijua anachosema Mhandisi si kweli. Nikasema ndiyo, mzee. Nikawaambia watandaze. Wakatandaza vizuri kuliko nilivyoagiza, kwa kuwa ndiyo kazi yao, na kwa miezi mingi hakikutokea kitu.

Lakini kutandaza ni nusu tu ya kuanika. Nusu ya pili ni kuanua, na hiyo mimi na Mhandisi hatukuifikiria kabisa. Pale Katonga kila uwanja wa dagaa ulikuwa na mwanamke mmoja ambaye jicho lake lilikuwa angani. Wingu likitokea upande wa Kongo na kuanza kuvuka ziwa, yeye ndiye anayesema "anueni", na wote wanakimbia, dagaa wa nani si hoja: wanakokota, wanarundika, wanafunika turubai, wanaweka mawe pembeni. Hakuna anayeuliza. Ukiuliza umeshalowesha. Mvua ikipita wanafunua, dagaa wapo salama, na kama wamepata fukuto kidogo chini ya turubai hakuna aliyekufa kwa hilo. Bi. Zena ndiye aliyekuwa na jicho hilo uwanjani kwake tangu kabla Mwajabu hajazaliwa. Jumamosi nilikwenda kuwatazama, mwishowe nikawa nakimbia nao, kanga kiunoni, nikipiga kelele kama wao. Nilifurahi mno kukimbia vile. Sidhani kama nilifurahi hivyo mahali pengine mwaka ule.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuwa waje kesho yake kuona makaa makavu yakiwashwa mbele yao na kusoma vipimo vyangu, na kama wangeridhika majaribio yangeendelea. Mhandisi alikuwa amekwenda mjini kuwapokea. Mchana ule tulikuwa tumetoa makaa ya mwisho kutoka kwenye pipa, yametandazwa uwanja mzima, bado yanafuka. Boila ilikuwa inanguruma. Nilitoka maabara nikaona wingu, jeusi, limeshafika katikati ya ziwa. Nilichofikiria ni namba zangu: maji yote tuliyoyatoa kwa wiki nzima yanarudi kwa robo saa. Nikasema, "Anueni!" Nakumbuka nilisema. Nakumbuka mdomo wangu ulivyofunguka. Bi. Zena alikuwa upande wa pili, kiganja juu ya macho, akitazama ziwa. Halafu wote walikuwa wanakimbia, na mimi pia nakimbia, majembe yanakokota, maturubai yanavutwa, mawe yanawekwa, na mvua ilipoanza kulikuwa na rundo moja kubwa lililofunikwa vizuri kabisa. Tulijibanza chini ya upenu wa bati tukihema na kucheka. Mwajabu alinipiga kiganjani. "Dada Mizani, leo umekuwa mwanamke wa Katonga!"

Na katikati ya kicheko kile nilikumbuka ukurasa. Niliuona kama vile umefunguliwa mbele yangu. Nikajiambia, ni saa moja tu, mvua ikikatika tutafunua. Mvua ilikatika lakini wingu lilibaki, na pikapu ilikuwa imeshafika, na Bi. Zena akasema turubai likae mpaka asubuhi, mvua ya namna hii hurudi. Nilitaka kusema neno. Kumwambia nini? Kwamba yatawaka? Angeniuliza tangu lini ninajua. Nikapanda pikapu, mbele, pembeni ya dereva. Hili silikumbuki kwa shida kama mengine.

Tulipofika asubuhi mlinzi alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono kichwani. Alikuwa ameona moshi unatoka chini ya turubai akadhani ni mvuke. "Si mlisema makaa haya yanatoa mvuke?" alituuliza, karibu kulia. "Kila siku yanatoa mvuke!" Alipong'amua si mvuke, rundo lilikuwa jekundu ndani, maturubai yamekwisha, na upepo umesukuma moto kwenye nguzo za ghala. Nusu ya paa ilikuwa chini. Maabara yangu, mizani, madaftari, vyote majivu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Wageni walikuja na viatu vyao visafi, wakatazama, wakanong'onezana, wakarudi kwenye gari.

Mhandisi alitukusanya. Hakupiga kelele. "Nani aliyeamuru makaa yarundikwe?"

Nilifungua mdomo. Naamini niliufungua. Bi. Zena akapiga hatua moja mbele. "Mimi, baba. Wingu lilikuja, nikaanua."

"Nani alikwambia uanue?"

"Nani aniambie? Mvua."

Mhandisi akanigeukia. "Ester, ulikuwepo?"

"Nilikuwa maabara, mzee," nikasema, jambo ambalo lilikuwa kweli mpaka dakika fulani. Tulitazamana. Ukurasa ule tuliujua watu wawili tu duniani, na wote wawili tulikuwa tumesimama pale, na wote wawili tukamgeukia Bi. Zena. Wanawake waliachishwa kazi siku hiyo. Majaribio yenyewe hayakumaliza mwezi. Lakini wale wengine walirudi Katonga kama kawaida, na Bi. Zena alipofika huko habari ilikuwa imemtangulia: ndiye aliyeanua, akaunguza. Walimpokea kwa heshima, wakampa pahali pa kuanika, ila jicho la angani alikuwa amepewa mwingine. Sijui kama watu wa nje wanaelewa uzito wa jambo hilo. Mimi niliuelewa, maana wingu lilipotokea nilimwona akinyanyuka, kisha akikumbuka, kisha akikaa.

Nilikaa kwao wiki tano zaidi nikingoja uhamisho, na kila jioni sahani yangu ilikuwepo. Ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, siku nyingine kipande cha samaki kuhe, tena kipande kizuri. "Kula, mwanangu," alisema, basi. Siku moja, juu ya ukuta usiofika juu, nilimsikia Mwajabu akisema, "Mama, si umuulize?" na Bi. Zena akajibu, "Nimuulize nini? Mtoto wa watu." Nilijua wanazungumza kuhusu mimi na neno langu, "anueni". Nilijua Bi. Zena ameniokoa kwa makusudi. Niliona aibu, lakini sitaficha kwamba ndani yake kulikuwa na utamu pia, kupendwa kiasi hicho na mtu asiye mama yangu. Nikaondoka kwa treni bila kusema. Miaka yote hiyo nimetuma kanga kila Idi, nimeandika barua, baadaye nikapiga simu, nikiishi na hadithi hiyo: nilitoa amri, akaibeba yeye. Niliizoea. Ilikuwa hadithi ya huzuni, lakini niliielewa.

Jana, kisomo kilipokwisha na watu wakaondoka, nilibaki uani na Mwajabu tukiosha masinia. Magoti yake yanamsumbua, ameketi kwenye kigoda, mimi nasuuza. Nikasema, bila kupanga, "Mwajabu, ile siku ya wingu, niliyesema anueni ni mimi. Mama yako alibeba kosa langu."

Aliacha kusugua, akaanza kucheka, kicheko kilekile cha mchele. "Wewe? Nani angekusikia wewe na lile boila linavyonguruma? Tulikuwa tumeshaanza kule mwisho. Mama alikuwa ameshatoa ishara."

"Nilisema. Nakumbuka."

"Labda ulisema. Sisi hatukuwa tunakusikiliza wewe, Ester. Kwenye mambo ya mvua? Bibi wee! Mama alisema ni yeye kwa sababu ni yeye."

Miaka thelathini na zaidi, na kosa lenyewe halikuwa langu hata kidogo, hawakunisikia. Nilitaka kucheka naye na nilitaka kulia, na nilikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo akaambiwa si wake, wala hajui wake uko wapi.

"Sasa," nikasema, "siku ile ulimwambia mama aniulize, ilikuwa aniulize nini?"

Mwajabu alirudi kwenye sinia lake. "Ah, hilo. Hilo lilimsumbua mpaka juzijuzi. Alikuwa hataki kuamini makaa yanaweza kuwaka yenyewe na kwamba wakubwa hawakujua. Anasema, yule Mhandisi sawa, lakini Ester? Ester alikuwa anajua? Mimi namwambia, mama, Ester angejua angetuambia. Alikuwa analala humu, anakula humu. Naye anasema, basi, kama hakujua hana kosa, ni qadari tu. Tukamaliza hivyo. Halafu baada ya miezi anaanza tena." Alimwaga maji machafu, akanyoosha mkono nimpe sinia jingine, akiwa bado na tabasamu. "Ulikuwa hujui, si ndiyo?"

Alikuwa ameshanipa jibu. Nilichotakiwa ni kuitikia tu, kama nilivyoitikia maisha yangu yote.

"Nilijua," nikasema. "Tangu mwezi wa pili."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichelewa usoni pake, likiwa peke yake. Alilipokea sinia, akaliweka mapajani, hakulisugua.

"Mama ameondoka hajui," akasema. "Sasa nimebaki mimi, nijue."